Chupa za Mwisho za Nkwini

Hakuna maji yaliyowahi kumdanganya Togolai, na hayatatokea mpaka dunia ifungwe. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, amekaa kwenye kigoda uani kwa mjomba wake, miguu ameinyoosha kama mwenye mji, huku kuku wakimzunguka utadhani na wao wamekuja kusikiliza.

“Nileteeni maji ya popote,” akasema. “Ya Same, ya Dodoma, ya mvua, ya machozi ya bwana harusi. Nikiyaweka hapa,” akautoa ulimi nje na kuugusa kwa kidole, “nitawaambia yametoka wapi, yamepita kwenye bomba gani, na fundi aliyelifunga alikuwa na mafua au hakuwa nayo.”

Ulimi ulimetameta katikati, pale ulipobandikwa utando. Kwa mtu asiyejua, ungedhani kijana amelamba gamba la samaki likamganda. Lakini Upare nzima ilijua. Togolai alikuwa mwonjaji wa Baraza la Maji, mwenye cheti na posho ya safari, na alikuwa amepanda mlimani kwa sababu mtoto wa binamu yake Kallaghe alikuwa anapewa jina siku hiyo. Penye mkusanyiko wa watu, sheria ilitaka maji yaonjwe kwanza. Familia ikaona bora aonje wa nyumbani kuliko kuletewa mgeni wa kupikiwa nyama.

Kallaghe, aliyekuwa akimenya ndizi kwa ajili ya shughuli, aliweka kisu chini, akaingia ndani taratibu. Akarudi na chupa ya plastiki kuukuu, imechujuka, lebo imeliwa na jua.

“Haya, mheshimiwa. Tuambie.”

Togolai akapiga funda moja. Akafumba macho. Wote wakangoja: Kallaghe, mkewe Nietiwe aliyekuwa akinyonyesha kwenye mkeka, na Bibi Nakijwa, mzaa mama yake Togolai, ambaye meno yake yaliyobaki yalikuwa machache lakini yote yalifanya kazi ya kucheka.

Togolai alipofumbua macho, mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

“Nkwini,” akasema polepole. “Haya ni maji ya chemchemi ya Nkwini. Ya juu kabisa, kwenye mikuyu, kabla hayajaingia mferejini. Mmeyapata wapi?”

Kallaghe alijishika kiuno.

“Kwenye bomba la mtambo, hapo nyuma ya choo,” akasema. “Nimeyatia kwenye chupa ya kale, nikayaweka juu ya banda la kuku tangu kiangazi kianze. Yameota jua mpaka yamechoka. Nkwini yako imetoka kwa kuku, ndugu yangu.”

Uani kukalipuka kicheko. Mtoto akaacha ziwa kushangaa.

“Mume wangu,” bibi akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu akiwa mdogo, “nilidhani nimeolewa na mtaalamu. Kumbe nimeolewa na koo.”

“Mpeni mkojo wa mbuzi,” Kallaghe akaongeza. “Atasema mvua ya Usangi.”

Togolai naye alicheka, kwa kuwa mtu asiyecheka akitaniwa na binamu yake hutaniwa mpaka kaburini. Lakini moyoni hakucheka. Maana kile alichokionja hakikuwa maji. Alikuwa ameonja ukoko.

*

Hilo la ukoko linahitaji kuelezwa, na Togolai asingependa lielezwe mbele ya mkubwa wake wa kazi.

Utando wa mwonjaji hauna ladha zake wenyewe. Unahisi chembe za metali majini, hata zikiwa chache kama punje ya chumvi iliyotupwa ziwani, lakini ubongo haujui ladha ya chembe hizo. Kwa hiyo utando huazima. Siku ya kubandikwa, mwanafunzi huketi kwenye kiti kama cha kinyozi, fundi humtajia metali mojamoja, na kwa kila moja humwambia akumbuke kitu alichowahi kukionja. Kumbukumbu hiyo ndiyo hufungwa kwenye metali hiyo moja kwa moja. Mwalimu alikuwa ameonya darasa zima: chagueni vitu mnavyovichukia, msije mkaipenda sumu.

Togolai alifuata agizo vizuri mwanzoni. Risasi akaipa mwarobaini. Kadmi akaipa mafuta ya samaki ya shuleni. Zebaki, sabuni aliyooshwa nayo mdomo na shangazi alipotukana. Walipofika mwisho wa orodha, machukizo yakawa yamemwishia.

“Antimoni,” fundi akasema. “Hii ni desturi tu, hutakutana nayo. Zamani viwanda vilipika plastiki ya chupa kwa kutumia antimoni kama kichocheo, na kidogo ikawa inabaki ndani ya chupa yenyewe. Maji yakikaa humo, hasa kwenye joto, inatoka taratibu na kuingia majini. Chupa hizo zilishapigwa marufuku. Kumbuka chochote.”

Na Togolai, kwa uhuni wake wa kila siku, akaona kuna haja gani ya kuharibu nafasi. Akakumbuka ukoko wa makande. Siyo ukoko wowote. Ule ambao mama yake, Namsifu, alimkwangulia chini ya chungu siku za mvua, akirudi shule ameloa, kipande cheusi pembeni na cha dhahabu katikati, kimeshika harufu ya moshi na maharage, akakipuliza kwanza mwenyewe kabla ya kumpa. Mama alifariki Togolai akiwa kidato cha pili. Sura yake ilishaanza kufifia. Kuna siku alilazimika kutazama picha. Ukoko haukufifia.

Ndiyo maana yale maji ya bandani kwa kuku yalimpeleka Nkwini. Kwa Togolai, nyumbani na antimoni vilikuwa vimefungwa kamba moja, na kamba aliifunga mwenyewe.

*

Mchana, bibi aliagiza chupa zake zishushwe darini.

Kallaghe alipanda, akashuka na boksi lenye vumbi la miaka. Ndani mlikuwa na chupa zimejipanga, vizibo vya bluu, maji meupe yametulia. Watu waliokwisha fika kwenye shughuli wakasogea. Hata waliokuwa wakibishana kuhusu mpira wakanyamaza.

Nkwini ilikauka miaka mingi iliyopita. Kwanza ikapungua ikawa uzi, kisha matone, kisha unyevunyevu kwenye jiwe, halafu jiwe tupu. Sasa mlima mzima unakunywa maji ya mtambo, yanayokamuliwa kwenye ukungu na kuchujwa mpaka hayana hata jina. Ni safi. Ukiyanywa hapa au Dodoma ni yaleyale, kama sabuni za hotelini. Lakini ukoo wa Bibi Nakijwa una jambo lao moja. Kabla mtoto hajatajiwa jina lake, huguswa midomo kwa maji ya Nkwini, na mama yake hunywa chupa iliyobaki mpaka iishe, ili ziwa lijue limetoka wapi. Wenyewe huita kumwonyesha mtoto mlango.

“Mama yako ndiye aliyezijaza,” bibi akamwambia Togolai. “Mwaka ule Nkwini imebaki uzi. Alikesha jiweni na kikombe cha bati, anakinga, anamimina, anakinga. Nikamwambia Namsifu, utaugua kifua. Akasema, mama, wajukuu watakunywa nini?”

Akampa chupa moja. Mikono yake ilikuwa na adabu nayo, kama amebeba yai.

Togolai akafungua kizibo, akaonja.

Safari hii haikuwa ladha tu. Jiko lote lilikuja. Mafiga, chungu kimeinamishwa, mvua juu ya bati, ukoko unapasuka chini ya mwiko. Kidogo tu aseme “asante mama”. Akasimama pale ameshika chupa, watu wote wanamtazama, na kwenye kona ya jicho akamwona Kallaghe akitabasamu, anangoja mtaalamu akosee tena.

“Nileteeni kimashine changu,” Togolai akasema.

Kimashine kilikuwa na ukubwa wa redio ndogo. Ulimi hutambua ni metali gani. Kimashine huhesabu ni kiasi gani. Huchoma tone moja mpaka liwe mwali, kisha husoma rangi ya mwali, kwa kuwa kila metali huwaka kwa rangi yake. Togolai alidondosha tone, kimashine kikanguruma, kikatulia. Taa ikawa nyekundu. Akarudia kwa chupa ya pili. Nyekundu. Ya tatu akaichagua chini kabisa ya boksi. Nyekundu zaidi. Miaka yote ile chini ya bati, jua likizipika kila siku, chupa zilikuwa zimeyamwagia maji ya Nkwini kila zilichokuwa nacho.

Kallaghe alimvuta nyuma ya ghala la mahindi.

“Kuna nini?”

“Antimoni. Imepita kikomo mara nyingi.”

Kallaghe akakuna kichwa. Utani ulikuwa umemwisha.

“Sikiliza. Asubuhi ulimi wako si ulikosea mbele ya watu wote? Basi ukosee tena. Sema ni safi. Nani atakulaumu? Bibi amezitunza hizi kuliko alivyotutunza sisi.”

“Mkeo atakunywa chupa nzima, Kallaghe. Na ananyonyesha.”

“Nitamwambia asimeze.”

“Mbele ya bibi? Atamziba pua mkeo mpaka ameze.”

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wawili waliokwama. Togolai alijua kuna maneno mawili tu ya kusema, na kila moja lilikuwa na mtu wa kumuumiza. Angeweza kusema safi, akamwachia bibi mlango wake, mtoto akanyonya sumu iliyokingwa kwa upendo. Au aseme chafu, na kisheria maji yote yamwagwe leo leo, na aliyeyapima ndiye amwage kwa mkono wake.

Nietiwe akatokea, mtoto begani.

“Shemeji, msinong’one kama wezi wa kuku. Mimi ndiye ninayenyonyesha. Ninywe, nisinywe?”

Togolai alimtazama mtoto. Alikuwa amelala mdomo wazi, anangoja kila kitu cha dunia kiingie.

“Usinywe,” akasema.

*

Bibi Nakijwa hakulia. Alisikiliza habari ya viwanda na vichocheo na joto, akitikisa kichwa kwa heshima, kama anayemsikiliza mchungaji wa dhehebu jingine.

“Tone moja mdomoni mwa mtoto litamfanya nini?” akauliza.

“Tone moja pengine lisimfanye kitu, bibi. Lakini chupa si tone. Na zikibaki, atakuja mwingine na mtoto wake, na mwingine. Sheria haina nusu.”

“Basi asinywe mtu. Zimwage zote, uniachie moja. Siinywi. Nitakuwa nafungua kizibo, nanusa, nafunga.”

“Bibi.”

“Kunusa nako kunaua?”

“Nikikuachia ya kunusa utakunywa. Hakuna mtu anayeweza kukaa na kitu kama hiki ndani asikinywe. Nawajua watu, ndiyo kazi yangu.”

“Mume wangu, mimi ni mzee. Hiyo sumu yako itanikuta nimeshaondoka.”

“Hata moja, bibi,” Togolai akasema, na akajisikia akisema kwa sauti ile ya ofisini, iliyonyooka kama pasi imepita. “Nikikubali kwako, kesho nitamkatalia nani? Kitu kikiwa kibaya, ni kibaya hata kama aliyekijaza ni mama yangu.”

Watu wengine waliona amesema vizuri sana. Kallaghe aliangalia ardhi.

“Sawa,” bibi akasema. “Usiyamwage chooni tu. Yapeleke kwenye ndiva.”

Wakamtoa mtoto nje kwa maji ya mtambo. Bibi alichovya kidole kwenye kikombe, akagusa midomo midogo, akaanza maneno yake ya kumwonyesha mlango, akafika katikati akasita, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha akaruka mpaka mwisho. Jina likatajwa: Namsifu. Vigelegele vikapigwa. Mtoto hakukunja hata uso, kwa kuwa maji ya mtambo hayana cha kukunjia uso. Togolai alipiga makofi na wengine, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliona maji safi yanaweza kuwa kitu cha kusikitisha.

*

Ndiva ilikuwa bondeni chini ya shamba, bwawa la kale ambalo mababu walilizungushia ukuta wa mawe na udongo ili kukusanya maji ya Nkwini usiku, na kuyafungulia mashambani asubuhi. Togolai alijifunzia kuogelea humo, au tuseme alijifunzia kutozama. Sasa palikuwa na nyufa za udongo mkavu, na mbuzi walipita katikati kama njia ya kawaida.

Aliweka boksi chini, akaanza. Chupa ya kwanza ikagugumia, ikamaliza. Udongo ukanywa kwa pupa, ukaacha doa jeusi. Ya pili. Ya tatu. Kila doa lilikauka kabla hajafungua nyingine. Alipanga chupa tupu ukutani, moja kando ya nyingine, na kila alipomimina alikunja mdomo, kwa kuwa harufu pekee ilishaanza kumkwangulia chungu.

Ikabaki moja.

Akaifungua. Akaiinamisha. Akaiinua tena.

Nithibitishe tu, akajiambia. Mtaalamu huthibitisha. Akapiga funda dogo, na mama akainamisha chungu. Akatema, kama alivyofundishwa. Lakini kutema kulikuwa kama kumfungia mtu mlango usoni, basi akapiga jingine kumwomba radhi, na hilo hakulitema. Mvua ikaanza juu ya bati. Akapiga la tatu. Sasa aliona mkono: kidole cha shahada chenye kovu la kisu, ambalo hakuna picha hata moja iliyolinasa, na ambalo alikuwa amelisahau kabisa mpaka dakika hiyo. Togolai akaduwaa. Kumbe alikuwa na kovu. Nilisahau vipi kwamba alikuwa na kovu?

Akafunga kizibo haraka. Akatazama huku na huku, akaisukumiza chupa ndani ya mkoba wake, chini ya kimashine, akafunga zipu. Akasimama. Akapiga hatua kuelekea njiani. Akarudi, akafungua zipu, akaitoa tena, mara hii tu, ili auone uso. Akajaza mdomo mpaka mashavu yakatuna.

“Mume wangu.”

Bibi Nakijwa alikuwa juu ya ukuta wa ndiva, ameegemea fimbo, na kikapu kitupu mkononi. Hakuonekana kama amefika sasa hivi. Alikuwa amesimama vizuri, kama mtu aliyekwisha kupumzika kutoka kwenye mteremko.

“Nilifuata chupa tupu,” akasema. “Nikasema angalau plastiki aliyoishika Namsifu nibaki nayo. Sheria yako haikutaja tupu.”

Mdomo wa Togolai ulikuwa umejaa. Kwenye ukuta chupa zilijipanga tupu. Mkononi mwake ilikuwepo moja, imefika nusu, na mkoba uko wazi miguuni pake.

Bibi alihesabu yote hayo kwa macho, bila haraka. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

“Mimi niliomba ya kunusa,” akasema.

Akashuka ukutani, akakanyaga moja ya yale madoa yaliyokwisha kukauka, akaja mpaka mbele yake. Akaweka kikapu chini. Alikuwa mfupi, ilimbidi ainue uso kumtazama, na akamtazama mashavu, yalivyotuna, kama anavyotazamwa mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

“Umemwona?” akauliza, na sauti ikampungua. “Huko kwenye huo ulimi wenu. Umemwona mwanangu?”

Togolai akaitikia kwa kichwa.

Bibi akanyoosha mkono, kiganja juu, karibu kabisa na chupa.

“Basi chagua,” akasema. “Kama ni sumu, tema, na hiyo iliyobaki uimwage nikiwa naona. Kama unameza, nipe na mimi.”

Mbuzi mmoja alisimama kuwatazama. Mdomoni mwa Togolai ukoko ulikuwa bado wa moto, mama yake alikuwa ndiyo kwanza anageuza uso kutoka jikoni, na kiganja cha bibi hakikutetemeka hata kidogo.